Maneno Magumu ni Mali ya Nani?

Mtoto wa Bariadi aendaye shule ya sekondari hupita katika lugha tatu kabla ya jua kuwa kali. Akiamka humsalimu mama yake kwa Kisukuma, "mwangaluka"; njiani akikutana na mzee asiyemfahamu humpa shikamoo; na mwalimu aingiapo darasani husimama pamoja na wenzake wakasema "good morning". Lugha ya kwanza aliinyonya, ya pili aliiokota uwanjani na katika shule ya msingi, na ya tatu ndiyo anayoitafuta kwa jasho lake na kwa mali ya baba yake. Habari ya hiyo ya tatu ndiyo tuliyokusudia kusema, na hasa habari ya yale maneno yake makubwa ambayo vijana wetu huyaandika katika madaftari na kuyahifadhi usiku kwa mwanga wa taa. Je, mtu ayakusanyaye maneno hayo amekusanya nini? Na akiisha kuyapata, ni yake peke yake?

Swali hili si la mchezo. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 shule zetu za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, na sekondari zafundisha kwa Kiingereza. Basi mtoto aliyejifunza habari za mvuke, na mizizi, na sehemu za hesabu, na akazielewa vizuri, aingia Kidato cha Kwanza akute kila kitu kimebadilika jina. Mambo ni yale yale, lakini milango imefungwa, na funguo ni maneno asiyokuwa nayo. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata Kidato cha Nne, na watoto wengi zaidi wameingia. Lakini kuingia si kuelewa. Wazazi wameliona jambo hilo. Wengine wampeleka ng'ombe mnadani ili mtoto mdogo aanze mapema katika shule ifundishayo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hatuwacheki. Mtoto ajuaye jambo lakini hana neno la kulisemea, mbele ya karatasi ya mtihani huwa sawa na asiyejua kitu, na huko si kukosa akili, ni kuwa bubu. Baba auzaye ng'ombe ili mwanawe asiwe bubu amefanya jambo la heshima.

Lakini twaona kwamba shauku hiyo mara nyingi yashika njia isiyofika. Na kwanza tuulize maneno yenyewe ni mangapi, maana wengi hudhani ni bahari isiyo na pwani. Mwaka 1953 mwalimu mmoja Mwingereza, Michael West, aliyekuwa amefundisha miaka mingi huko Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yatumikayo zaidi kuliko mengine. Waliohesabu waliona ya kuwa maneno hayo pamoja na matawi yake huchukua karibu sehemu nne katika kila sehemu tano za maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 bibi mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, akatoa orodha nyingine, ya jamii 570 za maneno yaonekanayo sana katika vitabu vya elimu ya juu, nayo huchukua kama neno moja katika kila maneno kumi ya vitabu hivyo. Mtu ajifunzaye jamii tano kwa juma, wala asiache, atazimaliza kwa miaka miwili na majuma machache. Si bahari basi. Ni kama shamba la pamba, ambalo ukilitazama lote asubuhi wavunjika moyo, ukilipalilia mstari kwa mstari waona limekwisha.

Kusoma gazeti au kitabu cha hadithi bila kuomba msaada ni jambo jingine, na wataalamu wasema yahitaji jamii 8,000 au 9,000. Hakuna awezaye kuzipata hizo kwa orodha. Huja kwa kusoma, kurasa kwa kurasa, neno likikutana na msomaji mara ya kwanza kama mgeni, mara ya tano kama jirani, mara ya kumi kama ndugu. Na hapa ndipo penye shida yetu kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba vitabu vya kusoma ni vichache, na vilivyopo aghalabu hufungiwa kabatini visichakae. Kitabu kisichochakaa hakijafundisha mtu.

Sasa tazama vijana wanatafuta nini. Aweza kijana kukuambia upesi kwamba "loquacious" ni mtu msemaji sana, na wenzake wakamshangilia. Lakini umpe sentensi yenye "unless" au "although" naye ajikwaa, na swali zima la mtihani lageuka chini juu. Amejenga paa kabla ya kuta. Kwa nini afanya hivyo? Hakufundishwa na mwalimu wala na kitabu. Amewaona watu wazima wakitumia maneno makubwa ili waogopwe, naye ataka kuogopwa kama wao. Hapo jambo la lugha limekwisha kuwa jambo la moyo.

Nao ugonjwa huu si wetu tu. Kiingereza chenyewe kimeubeba tangu zamani. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda wa miaka mingi wakuu wa nchi ile wakasema Kifaransa, na wenyeji wakasema lugha yao. Alama ya mambo hayo imebaki hata leo katika maneno ya mifugo, ambayo sisi wafugaji twaweza kuyaelewa kuliko watu wengine. Mnyama akiwa hai malishoni huitwa "cow", neno la wenyeji. Nyama yake ikiwa mezani huitwa "beef", neno lililotoka kwa Wafaransa. Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Wataalamu wengine wasema mgawanyo huo haukuwa safi tangu mwanzo, nasi twakubali; hata hivyo wafundisha kitu. Mchungaji alibaki na jina lake, na mlaji akapata jina la heshima, na mnyama ni yule yule. Baadaye wasomi wakaongeza maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa maelfu, hata Mwingereza maskini akasikiliza hotuba ya lugha yake mwenyewe asiifahamu. Kwa hiyo kijana wa Bariadi akiona kwamba maneno makubwa humwinua msemaji na kumshusha msikiaji, asidhani ni desturi ya Kiafrika wala ya leo.

Lakini jambo lilo hilo lina faida yake, nasi hatutaki kulificha. Kwa kuwa maneno makubwa ya Kiingereza yametoka Kilatini na Kigiriki, yana mizizi, na ajuaye mzizi mmoja hupata matawi mengi. Sisi twalijua jambo hilo tangu utotoni bila kuambiwa, kwani lugha zetu zimejengwa hivyo: katika kusoma twapata somo, msomaji, msomi, kusomea, kusomesha. Vivyo hivyo katika Kiingereza sehemu ile "port", yenye maana ya kuchukua au kubeba, imo katika "transport", kuchukua toka mahali hata mahali. Katika "import", kuleta ndani. Katika "export", kupeleka nje. Katika "report", kuleta habari. Mtoto aliyeonyeshwa hayo hakuhifadhi maneno manne. Ameelewa neno moja.

Na tutwae neno liwatishalo sana watoto wa Kidato cha Kwanza, "photosynthesis". Tumewasikia wakilitamka kwa wimbo, bila kosa hata moja, na ukiwauliza ni nini, wakarudia wimbo. Lakini lifungue neno hilo kama unavyofungua tumba la pamba. Sehemu ya kwanza ni nuru, kwa Kigiriki. Sehemu ya pili ni kuweka pamoja. Basi ni kuweka pamoja kwa nguvu ya nuru. Waliotutungia Kiswahili chake wakafanya kazi ile ile, wakasema usanisinuru, yaani usanisi, utengenezaji wa kitu kwa kuunganisha, pamoja na nuru. Sasa mtoto na atoke nje ya darasa, ashike jani la mpamba: maji yapanda toka mizizini, hewa yaingia kwa vitundu vidogo vya jani, jua lawaka, na jani lafanya chakula chake, na katika chakula hicho mmea wajenga shina na nyuzi zile tunazopeleka kupimwa mizani. Kila mkulima wa Dutwa na Nkololo ajua ya kuwa mpamba uliofunikwa na kivuli hauzai vema. Alijua jambo, hakuwa na jina. Mwanawe ana jina, wala hajui jambo. Ingekuwaje kama wawili hao wangezungumza jioni moja?

Hapo twafika penye swali letu. Twasema ya kuwa neno gumu alilolipata mtoto shuleni lina deni juu yake. Halikununuliwa kwa akili yake tu. Limenunuliwa kwa ng'ombe, na kwa mama aliyekwenda kisimani peke yake ili binti asichelewe shule, na kwa wadogo waliochunga mahali pake. Na deni hilo halilipwi kwa fedha tu aletazo mwisho wa mwezi, akipata kazi. Hulipwa kwanza kwa lile lile neno: amlipe mama yake maana yake.

Tuonyeshe kwa mfano. Tuseme watu kumi wa kijiji kimoja wameungana kukopa shilingi 5,000,000, kila mtu apate 500,000 za mbegu na dawa. Karatasi ya mkopo imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake yamo maneno "jointly and severally". Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne aitwa awasomee wazee. Neno la pili halijui sawasawa, lakini lafanana na "several", alilojifunza kuwa ni baadhi au kadhaa. Naye aona haya kusema sijui. Asema, "Maana yake ni kwamba mmekopa pamoja, watu kadhaa." Wazee watia dole gumba. Mvua zakosa, watu wanne wahama, wawili hawana kitu. Ndipo mkopeshaji, kwa nguvu ya neno lile, aja kwa mzee mmoja mwenye jozi mbili za maksai, amdai deni lote, si fungu lake tu. Maana maneno yale yasema ya kuwa wote wawajibika kwa pamoja, na tena kila mmoja peke yake awajibika kwa deni zima. Neno moja lisiloeleweka limechukua maksai. Na "interest" nalo ni vivyo hivyo: darasani ni kupendezwa na jambo, lakini katika karatasi ya mkopo ni riba, na katika habari ya ardhi yaweza kuwa haki ya mtu katika kiwanja. Ajuaye maana moja tu ya neno la namna hiyo ni hatari kuliko asiyejua hata moja, kwa sababu asiyejua hunyamaza.

Twakumbuka kwamba mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na jambo hilo ni jema kwa mnyonge. Lakini karatasi za Kiingereza hazijakoma kuja vijijini. Huja na mikopo, na mashine, na chupa za dawa za pamba. Katika chupa hizo laweza kuwamo neno "contaminate". Mwanafunzi alilipata katika mtihani, akaandika sawa, akapewa alama. Ikiwa mama yake aisuuza chupa ile lamboni ili atilie mafuta ya taa, naye apita na daftari lake asiseme neno, tuseme amelijua neno hilo?

Wako watakaotujibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema: Basi tuache Kiingereza kabisa, tufundishe yote kwa Kiswahili. Kuhusu kufundisha, wana hoja nzito, wala hatudhani ya kuwa imejibiwa bado. Mtoto huelewa upesi kwa lugha anayoiota. Lakini hata ikiwa hivyo siku moja, Kiingereza kitabaki dirisha la vitabu vingi, na dirisha halizibwi kwa sababu mlango ni mzuri.

Wa pili husema: Maneno mengine hayatafsiriki, na mzee wa kijijini hawezi kuyapokea. Hapa twapinga kwa nguvu zaidi. Mwalimu Nyerere, akiwa na kazi ya nchi nzima mabegani, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tazama jina la hicho cha pili. Kwa Kiingereza mtu yule ni mfanyabiashara tu, mmoja. Mwalimu akachagua mabepari, na kwa neno hilo akatoa hukumu yake mwenyewe. Waweza kumbishia. Lakini mtu hawezi kubisha juu ya neno lisilofasiriwa, hulinyamazia tu. Kufasiri ni kumfanya msikiaji awe mtu wa kubishana nawe, na labda ndiyo sababu wenye maneno makubwa hawapendi kuyafasiri. Kweli, yako maneno yasiyotoka kwa neno moja. Basi yatoke kwa maneno kumi, au kwa mfano wa mtumba wa pamba, au kwa mchoro mchangani. Na asiyeweza kulitoa hata kwa mchoro, huenda kikwazo si Kisukuma. Huenda bado halijui.

Wasukuma hawakungoja shule ili wajue hukumu ya maneno. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma vyenye umri wa zaidi ya miaka mia, hushindana uwanjani siku moja, kila upande na ningi wake, yaani mtunzi na mwimbaji. Ningi mwema ana maneno ya ndani, mafumbo na majina ya zamani ambayo kijana hayajui. Wala watu hawamchukii kwa ajili hiyo, bali humpenda. Lakini mshindi ni nani? Ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watu hawamzunguki mtu wasiyemwelewa hata kidogo. Fumbo lake ni gumu kiasi cha kumfanya msikiaji afikiri, na jepesi kiasi cha kumfanya acheke afikapo nyumbani na kulifumbua. Ugumu wake ni zawadi. Twataka wasomi wetu wasimame uwanjani kwa namna hiyo. Mtume Paulo naye aliwaonya Wakorintho juu ya lugha isiyomfaa msikiaji, wala hakuwa mtu asiyejua lugha.

Kwa hiyo walimu wenzetu twawaletea jambo dogo tulilolijaribu darasani. Daftari la maneno la mwanafunzi na lipigwe mistari iwe safu tatu: ya kwanza Kiingereza, ya pili Kiswahili, ya tatu Kisukuma, au lugha yoyote isemwayo motoni kwao. Safu ya pili mtoto hupata msaada katika kamusi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa ile ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996. Safu ya tatu haina kamusi mezani. Yampasa aende nyumbani akaulize, na ili aulize yampasa kwanza aeleze. Kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ya Oxford, ilifanywa kwa njia isiyo mbali na hiyo: mwaka 1879 mhariri wake James Murray aliwaomba watu wa kawaida wasome vitabu na kumpelekea maneno kwa vipande vya karatasi, nao wakampelekea kwa mamilioni; kazi ikaisha mwaka 1928, yeye akiwa amekufa tangu 1915. Hata lugha ya wenye nguvu ilikusanywa na watu wengi wasiojulikana majina.

Safu ya tatu hujaa polepole kuliko zote. Neno "evaporation" lilirudi na majibu upesi, kwa kuwa kila nyumba imeona lambo likikauka. Neno "guarantor" lilikaa majuma mawili, kisha mtoto mmoja akaja na maelezo ya mistari minne, kwa sababu babu yake alikataa neno moja: alisema kumdhamini mtu wa ukoo si sawa na kumdhamini jirani, na lugha isiyotenga mambo hayo mawili bado haijakomaa. Darasa zima likabishana kipindi kizima juu ya jambo hilo, kwanza kwa Kiswahili, halafu, mwalimu alipowaagiza, kwa Kiingereza, kila mmoja akitafuta maneno. "Severally" bado ina nafasi tupu katika madaftari mengi. Likizo yaanza pamba ikiwa ingali shambani, na wazee watakuwako vibandani jioni.